Sifa Zilizotaka Kumuua Kaka

Nikisema natoka Sumbawanga, watu wa mikoa mingine hunitania kuhusu uchawi na radi. Nimechoka kucheka nao. Kaka yangu alipougua, hakuna aliyetamka neno uchawi. Kilichotaka kumuua ni sifa, na sisi ndugu zake ndio tuliokuwa tukimmwagia.

Kaka alikuwa mpima mahindi kwenye ghala la ushirika kule kijijini kwetu Kate. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wakaanza kufuata mahindi majumbani kwa watu na malori yao, ghala likafungwa, naye akarudi nyumbani na barua ya shukrani. Hakulalamika. Siku ya tatu alichukua jembe akapanda mlimani kupiga ntumba.

Ntumba ni yale matuta yetu ya duara. Unageuza udongo na majani kabla mvua hazijakatika, majani yanaozea ndani, na mvua za msimu unaofuata zikija unayatawanya unapanda. Ni kazi ya kuvunja kiuno, ndiyo maana watu hualikana, wakalima pamoja na kunywa pombe pamoja. Kaka hakualika mtu. Aliondoka alfajiri, akarudi jioni, hakuongea. Chakula alikigusa tu. Wifi yangu aliniambia kwamba hata usingizi hapati. Alikonda mpaka suruali akaifunga kwa kamba.

Na sisi tulimsifu! Baba mkubwa aliwapeleka wageni wake wakaone mlima ulivyojaa matuta, akawaambia huyo ndiye mwanaume. Wazee wa kanisa walimtoa kuwa mfano kwa vijana. Mimi mwenyewe, mwalimu niliyesoma, nilijigamba kwa walimu wenzangu pale shuleni Majengo, mjini, kwamba kaka yangu amepoteza kazi na hakuyumba. Nikikumbuka maneno hayo natamani kujizaba kofi.

Mvua za Novemba zilipoanza nilikwenda Kate. Majirani wote walikuwa wanatawanya matuta yao wapande. Ya kaka yalikuwa vilevile, yameota nyasi, halijaguswa hata moja, na yeye alikuwa pembeni anapiga mengine. Nilimwambia kwamba wakati wa kazi hiyo umepita. Hakunisikia, au alijifanya hasikii, mpaka nikaushika mpini wa jembe.

"Niachie, mdogo wangu," akasema. "Nikisimama nawaza kufa."

Baba mkubwa alikubali tumpeleke hospitali kwa sharti moja: tuseme anaumwa mgongo. Ukoo wetu, alisema, haujawahi kupeleka mwanaume kwa waganga wa vichaa, na yeye ana mabinti ambao bado hawajaolewa. Nikakubali. Hilo sijajisamehe mpaka leo. Tulipanda lori la mahindi hadi mjini, sisi watatu, na mbele ya tabibu baba mkubwa akaeleza habari za mgongo, akaeleza na jembe, akamaliza kwa kujivunia matuta. Tabibu akamkandakanda kaka kiuno, akaandika vidonge vya maumivu. Angeandika nini kingine wakati sote tulikuwa tunamdanganya?

Tulikuwa tumeshasimama kuondoka. Kaka alikikunja kile kikaratasi cha dawa vizuri, akakitia mfukoni kama mtu aliyeambiwa shauri lake limekwisha, na hasira ikanipanda mpaka kichwani.

"Tabibu, mgongo wake mzima," nikasema. "Anataka kufa."

Baba mkubwa alinivuta gauni, akaniambia kwa Kifipa ninyamaze. Kaka akakaa tena kwenye kiti, akalia, yeye ambaye hata msibani kwa baba yetu sikumwona akitoa chozi. Tabibu alifunga mlango, akamwuliza mawazo hayo yalianza lini.

"Siku niliyokabidhi funguo za ghala," kaka akajibu.

Jibu alikuwa nalo miezi yote hiyo. Hakuna aliyemwuliza.

Alikaa kwangu Izia, palepale mjini, akimeza dawa na kurudi kwa tabibu kila wiki kuzungumza. Haikuwa haraka. Kuna siku alikataa kuoga, kuna siku alinitukana. Polepole usingizi ukarudi, kisha hamu ya kula, na mwisho akarudi kwa mkewe. Siku hizi analima shamba la kutosha nyumba yake, saa sita mchana yuko kivulini. Baba mkubwa ananiambia nimemharibu, alikuwa mchapakazi na sasa ni mvivu. Mzee huyo hajajifunza kitu.

Nilipokwenda kuwasalimu likizo iliyopita, tulikuwa tunakula wote uani. Baba mkubwa akamtaja jirani aliyefiwa na mkewe, akamsifu kwamba hajalia hata siku moja, yuko mlimani peke yake analima tangu wiki ya msiba. Nikafungua mdomo nimjibu. Kaka alikuwa ameshanawa mikono. Alipanda mlimani bila jembe, kwenda kumwuliza yule mtu kama analala.