Lori Lililoingia Ofisi ya Maji

Kompyuta ya Mama Nambari ilikuwa kuukuu kiasi kwamba ukiiwasha asubuhi unaweza kuzunguka ofisi nzima kusalimia watu, hata yule wa stoo asiyependa salamu, ukarudi ukaikuta bado inajikusanya. Kila jioni aliifunika kwa kitambaa alichokishona mwenyewe, na kila asubuhi aliifunua taratibu kama anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Kazi yake na kazi ya mashine hiyo ilikuwa moja, kuita wateja wa ofisi ya maji. Anabonyeza, nambari inatokea kwenye runinga kubwa ya ukumbini, na mwenye nambari anainuka na bili mkononi na malalamiko mdomoni. Ndiyo maana akaitwa Mama Nambari, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye hati ya mshahara tu.

Sasa mwanamke mzima kama huyo, mwenye miwani ya kamba, ambaye hata karata hakuwahi kushika, alitaka nini na gemu? Tulia, usinikatishe.

Mume wake alikuwa dereva wa lori la trela. Kampuni haikuruhusu abiria, na yule bwana alikuwa mtu wa sheria kupita kiasi; hata mkewe wa ndoa hakuwahi kumpandisha hatua moja. Kwa hiyo Mama Nambari alimjua mume, lakini kazi ya mume hakuijua. Akimuuliza, "Dereva, huko njiani kukoje?" anajibiwa, "Njia ni njia," na mtu anageukia ukutani analala. Nyumbani alimwita hivyo hivyo, Dereva, nusu kwa utani na nusu kwa kujisifu. Kitu kimoja tu hakukosa kukifanya yule mume: kila alipomaliza safari alipiga simu, akasema, "Nimefika," kisha akakata. Mkewe alimcheka kwamba hata maneno anayafanyia ubahili. Lakini bila hilo neno, usingizi haukuja.

Safari ya mwisho neno halikuja. Ilikuja simu ya hospitali. Lori lilimshinda mteremkoni, likaacha barabara, na mguu wake wa kulia ukakatwa juu ya goti.

Alirudi nyumbani na magongo na kimya. Akachagua kiti cha dirishani, akakaa. Rafiki zake wa barabarani wakija kumjulia hali, anafumba macho mpaka waage. Hata kizingiti cha mlango hakukivuka tena, ila siku ya kwenda kliniki. Mama Nambari aliacha kumwita Dereva. Kila neno hilo lilipomjia alilimeza. "Baba, chai hii hapa." "Mm." "Baba, leo joto limezidi." "Mm." Mama wa watu alianza kuogopa, tena kuogopa kweli kweli. Aliona mtu anazimika mbele ya macho yake, na hajui swichi iko wapi.

Mchana mmoja alikuwa anakula na fundi wa kompyuta za ofisi, mwanamume mwenye kitambi na maneno mengi. Fundi alikuwa anasimulia gemu analocheza kwake, la kuendesha malori. Lina gia, lina vioo, lina taa, hata mizani ya barabarani imo.

Mama Nambari akaweka kijiko chini. "Na trela?"

"Trela tena! Ndiyo utamu wenyewe."

"Na mtu anaendesha kwa mikono tu? Miguu haitumiki?"

"Miguu ya nini? Ni vidole vyako na kibodi."

Ofisini kulikuwa na habari kwamba kompyuta mpya zinakuja na zile kuukuu watagawiwa wafanyakazi watakaoziomba. Kama hii yake ingeweza kubeba hilo gemu, angeiomba kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. Akasema, "Niletee kesho. Tujaribu."

"Mama, hii mashine ni ya kuita nambari. Haina ubavu wa kubeba lori."

"Nimekwambia tujaribu. Kwani ikikataa itatuuma?"

Kesho yake, saa ya chakula, Fundi akachomoa kwanza waya unaokwenda kwenye runinga ya ukumbini, kisha akaingiza gemu. Skrini ikawa nyeusi, ikabaki nyeusi. Feni ikanguruma mpaka mtu wa stoo akaja kuuliza kama kuna kinachoungua. Mama Nambari hakuudhika. Aliinama, akatega sikio ubavuni mwa mashine, akauliza, "Sasa hivi inafanya nini humo ndani?" Fundi akakiri kwamba hata yeye hajui.

Siku iliyofuata lori lilitokea, ila lilikwenda kwa kushtuka shtuka, likiganda na kuruka. Fundi akaanza kuipunguzia mashine mzigo. Akaondoa vivuli. Akaondoa mawingu. Mama Nambari alitazama dunia inavuliwa nguo moja moja, kila kitu akikiuliza: hiki nacho kina uzito? Na hiki? Mwisho Fundi akaondoa miti yote, na barabara ikabaki tupu kati ya ardhi ya rangi moja. Lori likatiririka.

"Weee! Linakwenda!" Mama Nambari alirukaruka kwenye kiti kama aliyeshinda bahati nasibu. Katika furaha hiyo waya ukarudishwa mahali pake, ofisi ikaendelea.

Siku ya tatu, Fundi alikuwa na kazi kwingine. Mama Nambari akafungua gemu peke yake, na ule waya wala hakuukumbuka.

Alianza vizuri. Alikuwa mpiga chapa wa zamani, vidole vyake haviangalii kibodi. Lakini kona ya kwanza aliingia mbio, trela likamgeukia, likatumbukia mtaroni. Akajaribu kurudi nyuma, likajikunja. Akajaribu tena, likajikunja zaidi. Ndipo akasikia sauti ya mwanamume nje, ukumbini, "Kata kulia, dada!" Na mwingine, "Wee, kulia gani? Atalala na lori!" Na bibi mmoja, kwa huruma kabisa, "Jamani, dereva hajaumia?"

Mama Nambari akainua macho polepole. Kupitia kioo cha dirisha lake aliona wateja wote wamesimama, shingo wamezinyoosha, wanaitazama runinga. Toba! Alichomoa waya kwa nguvu mpaka kikombe cha kalamu kikaanguka.

Meneja hakuchelewa. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Mama Nambari, wateja wananiuliza kama trela limetoka mtaroni. Niwajibu nini?"

Alitaka kumweleza yote, kiti cha dirishani na zile "mm". Akasema tu, "Bado halijatoka, bosi."

Meneja akavuta pumzi. "Kabla ofisi haijafungwa leo, hilo gemu litoke. Na usiwe na mipango na hiyo kompyuta. Hakuna kugawa. Kesho asubuhi linakuja gari kuzichukua zote, zinarudi makao makuu."

Meneja alipotoka, Mama Nambari alishika tama. Kesho mashine haipo. Basi ni leo, kabla ya kufunga. Na saa ya kufunga ilikuwa bado haijafika. Akachukua simu akapiga nyumbani.

"Mm," ikasema simu.

"Dereva," akaita. Lilimtoka lenyewe. "Dereva, nimeingiza lori mtaroni."

"Lori gani?"

Lilikuwa swali. Tangu hospitali, mtu huyu hakuwa amemuuliza swali lolote. Mama Nambari akaishika simu kwa mikono miwili. "La trela. Liko hapa ofisini."

"Ofisini? Una homa?"

"Sina homa. Nilikata kona, trela likanigeukia. Nikirudi nyuma linajikunja."

"Unakata usukani upande gani?"

"Upande ninaotaka liende."

"Lo! Ndiyo kosa lenyewe." Akasikika akihema, akasikika akihangaika na magongo. "Usiliguse. Nakuja."

Akaja na teksi, shati la kazini mwilini, wateja wa mwisho wakitoka. Yule bibi mwenye huruma akamtazama kutoka kichwani hadi kwenye gongo, akauliza, "Huyu ndiye wa kulitoa?"

"Ndiye," akasema Mama Nambari, akamwingiza ndani.

Mume aliitazama skrini. Lilikuwepo, lori dogo la kuchora, trela limeinama upande mmoja. Akatazama muda mrefu mpaka mkewe akaanza kujilaumu. Ataona nimemfanyia mzaha. Ataona nacheka mguu wake.

"Nani alikata kona hii?"

"Mimi."

"Uliingia na mbio zote za dunia." Akaketi, akalaza magongo chini. "Nipe usukani."

Vidole vyake vinene vilibonyeza vitufe viwili viwili. Honi ikalia, vifuta-kioo vikacheza. Akaguna. Kisha akatulia, akarudi nyuma kidogo, akakata kinyume, akasubiri, akakata tena. Trela likanyooka, likatoka mtaroni kama lililoitwa. Akashika njia. Bila kugeuza macho akasema, "Mbona umesimama? Panda."

"Si kampuni hairuhusu abiria?"

"Kampuni hii ni yako."

Akavuta kiti cha wageni, akapanda.

"Na miti iko wapi?" mume akauliza.

"Mashine haiwezi kuibeba. Fundi kaiondoa."

"Haiwezekani. Barabara kama hii ina miti." Na maneno yakaanza. "Hapa kushoto mikaratusi, imepangana. Ukishusha kioo, harufu inaingia mpaka kwenye nguo. Pale mbele kuna nyumba yenye mlango wa buluu. Kuna mtoto wa kike alikuwa ananipungia mkono. Nimempita miaka, mpaka siku moja nikamwona amebeba mwanawe, naye kamshika mkono anipungie."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo kuna daraja."

Mama Nambari aliuliza, naye akajibu. Aliuliza madereva walioga wapi, walilala upande gani wa lori, mvua ikiwakuta ilikuwaje. Miaka yote ya "njia ni njia" ilikuwa inafunguliwa.

Kisha barabara ikashuka. Lori likaanza kushika kasi, na mume akanyamaza. Mama Nambari akatupa jicho chini ya meza. Ile suruali ya upande wa kulia, iliyokunjwa na kubanwa kwa pini, ilikuwa inakandamiza hewa kwa nguvu zote. Alikuwa anakanyaga breki.

"Haishiki," akasema mume. Uso ulimlowa. "Haishiki."

"Breki iko kidoleni, Dereva. Hapa." Akauweka mkono wake juu ya wake, akabonyeza naye. Lori likapunguza, likapunguza tena, likashuka mlima polepole, mikono yao miwili kwenye kitufe kimoja, hadi chini.

Mlinzi akagonga mlango na funguo. "Mama, nafunga."

Akafuta gemu kama alivyoagizwa, akaifunika mashine kwa kitambaa chake. Kwenye teksi mume aliomba kukaa mbele. Mtaa mmoja ukapita, na mwingine, naye kimya, na Mama Nambari kule nyuma akakata tamaa. Kumbe maneno yale yalikuwa ya mashine tu, na mashine kesho inaondoka.

Teksi ikakata kona, ikapunguza mwendo, ikasimama mlangoni kwao. Mume akageuka nyuma kumtazama.

"Tumefika," akasema.

Mama Nambari akabaki anatafuta nauli kwenye mkoba huku haoni vizuri.