Ubao Ambao Mama Mdogo Hakuufuta

Mama mdogo wangu, Kuk Mi-ryeong, huwakunja nywele akina bibi wa mtaa wetu hapa Gimje huku akisoma Kiebrania. Dawa ikishapakwa, bibi anafungwa mfuko wa plastiki kichwani na kuachwa angoje. Huo ndio muda wa mama mdogo. Anavuta kiti, anafungua Biblia yake yenye herufi zinazotoka kulia kwenda kushoto, na midomo inaanza kucheza. Siku moja bibi mmoja alizinduka usingizini, akamsikia, akauliza nani amemkosea hadi alaaniwe hivyo.

"Nasoma habari za Ibrahimu, Bibi."

"Msome baadaye. Ibrahimu hana haraka. Nywele zangu ndizo zinazoungua."

Jioni hufunga saluni akapanda basi kwenda Jeonju, kwenye chuo cha theolojia. Wenzake wengi darasani wangeweza kuwa watoto wake. Mama yangu, ambaye ni dada yake, humwambia kwamba mwanamke wa umri huo angetafuta mume, si vitenzi. Yeye hujibu kwamba vitenzi havikoromi.

Nilitaka kujua ni nini kilichomwingiza huko, kwa hiyo nilimuuliza. Akasema ni mafuriko ya Nuhu. Alipokuwa msichana mdogo katika shule ya Jumapili, alimuuliza mwalimu wake: kama mvua ilinyesha siku arobaini, mbona mbele kidogo imeandikwa maji yalitawala nchi siku mia na hamsini? Mwalimu alimwambia akasimame nje mpaka maswali yamwishe. Ilikuwa baridi ya Januari, na upepo wa kwetu hauna kilima cha kuuzuia, ni mashamba ya mpunga mpaka macho yachoke.

"Yaliisha?" nikamuuliza.

"Yaliongezeka. Nilipokuwa pale nje nikaanza kujiuliza na maji yalienda wapi."

Ndiyo maana alilitaka darasa la vijana la kanisa letu. Alitaka kuwe na chumba kimoja ambamo mtoto akiuliza hatolewi nje. Na darasa lenyewe ndilo ninalosoma mimi.

Sasa, darasa hilo haliombwi, linashindaniwa. Jumapili ya Shukrani, tukishamaliza kula supu ya majani ya figili na keki za mchele mpya, tunaketi sakafuni ukumbini, kila mtu na ubao mdogo mweupe na kalamu. Swali linasomwa, unaandika, unainua ubao juu ya kichwa. Ukikosa, unakwenda kukaa ukutani. Anayebaki mwisho hupewa jiko la umeme la kupikia wali, na kwa desturi yetu ndiye anayefundisha vijana mwaka unaofuata. Mwaka juzi, wanakwaya wote walikuwa ukutani kabla hatujatoka kitabu cha Kutoka.

Maswali hutungwa na mzee wa kanisa Pyo Gil-su. Mzee Pyo si mtu mbaya. Ndiye hupasha ukumbi joto alfajiri kabla ya sala, ili akina bibi wasitetemeke. Lakini mwanawe mkubwa alikwenda Seoul, akasoma chuoni kwamba vitabu vya Musa vina mikono ya waandishi wengi ndani yake, na tangu hapo hajaingia kanisani isipokuwa kwenye mazishi. Kwa hiyo Mzee Pyo akisikia neno "theolojia" hufunga kifungo cha juu cha shati, kama mtu aliyesikia upepo.

Mwaka jana mama mdogo alijiandaa kuliko sisi tunavyojiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo. Nilimsaidia kwa kumuuliza maswali huku nikifagia nywele. Tulipofika kwa Nuhu akasimamisha kazi. Akachukua mafungu mawili ya nywele za mteja, jirani yetu mwenye nywele ndefu, akaanza kuyasuka.

"Ona, Da-on. Wasomi wengi wanaona hapa kuna masimulizi mawili ya zamani. Moja linasema wanyama wawili wawili wa kila aina. La pili linasema walio safi waingie saba saba. Akaja msukaji, akayapata yote mawili. Akafanyaje?"

"Akachagua lililo sahihi?"

"Akayasuka. Hakukata hata unywele mmoja."

"Kwa nini? Si angeona yanapingana?"

"Aliona. Alikuwa na macho kama wewe. Lakini yote mawili alikuwa ameyapokea kwa wakubwa wake, na yote kwake yalikuwa matakatifu."

"Na mimi nimekuja kukatwa," akasema jirani, "si kutakaswa."

Basi Jumapili ikafika. Mimi nilikwenda ukutani mapema kwa sababu ya swali la jina la baba mkwe wa Musa. Mchungaji Yeom naye akafuata, watu wakacheka, naye akacheka. Mwisho wakabaki wawili sakafuni: mama mdogo na Bibi Ma Jeom-rye, ambaye amenakili Biblia nzima kwa mkono, kama wanavyofanya akina bibi wengi wa kwetu, na sasa anainakili tena.

Mzee Pyo akasoma: "Mungu alimwagiza Nuhu aingize wanyama wangapi wa kila aina?"

Bibi Ma akaandika upesi, akainua: Wawili.

Mama mdogo aliandika polepole. Kisha akainua: Wawili. Na walio safi, saba saba.

Mzee Pyo akatazama karatasi yake. "Dada Mi-ryeong, ubao mmoja, jibu moja. Ndiyo kanuni. Futa moja."

"Yote mawili yameandikwa, Mzee. Sura ya sita na sura ya saba."

"Sikukataa. Nimesema ufute moja. Mwaka jana Shemasi Gil aliandika majina mawili, tukamtoa. Nisimpendelee mtu."

Hapo nilikuwa upande wa Mzee Pyo, nakiri. Kanuni ni kanuni, na ilikuwa kazi ya sekunde moja. Angefuta zile saba, wote wawili wangepata, na mchezo ungeendelea. Nikamnong'oneza toka ukutani, "Mama mdogo, futa tu." Mama yangu naye akasema kwa sauti kubwa zaidi, "We Mi-ryeong, usilete ukaidi wa baba yetu hapa."

Kitambaa kilikuwa mkononi mwake. Akakitazama.

"Aliyeyaweka yote mawili alikuwa na nafasi ya kufuta," akasema. "Hakufuta. Mimi ni nani nimfutie?"

"Basi umekosa," akasema Mzee Pyo, taratibu, bila furaha yoyote.

Mama mdogo akanyanyuka na ubao wake ungali umeandikwa, akaja kukaa ukutani karibu nami. Bibi Ma akapewa jiko na darasa, watu wakapiga makofi. Njiani mama yangu alimsema mpaka kituo cha basi. Miaka yote ya masomo, darasa limeondoka kwa ajili ya mbuzi watano zaidi.

"Na ng'ombe," akasema mama mdogo. "Ng'ombe nao ni safi."

Jumapili ya kwanza ya mwaka mpya nikaingia darasani nikamkuta ameketi nyuma, kwenye kiti cha mwanafunzi, na penseli mbili, nyekundu na buluu. Hakuna kanuni inayomkataza mtu mzima kusoma. Bibi Ma akaingia, akamwona, akashusha miwani.

"Mi-ryeong. Nimerudi kwenye madaftari yangu. Zile saba zipo. Nimeziandika kwa mkono wangu mwenyewe na sikuziona. Mkono ulipita, macho yakabaki kwenye wawili wa nyimbo za watoto."

"Hata wanakili wa zamani yaliwapata hayo, Bibi."

"Usinipake mafuta. Habari ya waandishi wawili siikubali. Mungu anaweza kuagiza, kisha akaongeza."

"Hata hilo lina wasomi wake. Tubishane."

"Tubishane," akasema Bibi Ma, akavuta kiti. "Lakini anayefundisha ni mimi."

Tukabishana mpaka ibada ikatukuta. Tulipaka mistari rangi, wawili kwa buluu, saba kwa nyekundu. Kuna mahali katika sura ya saba ambapo walio safi na wasio safi wanaingia wote wawili wawili, na sikujua nitumie penseli ipi. Mama mdogo akaangalia, akasema hata yeye hajui. Hakuna aliyetolewa nje.

Leo asubuhi tumepita mbele ya ofisi ya kanisa. Mzee Pyo alikuwa anabandika tangazo la mashindano ya mwaka huu. Gundi haijakauka, mama mdogo akatoa kalamu akaandika jina lake juu kabisa, kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Kanuni haijabadilika," akasema Mzee Pyo. "Ubao mmoja, jibu moja."

"Sawa, Mzee. Na wewe tafuta maswali yenye jibu moja."

Mzee Pyo akafunga kifungo cha juu. Kisha akamuuliza zile saba saba ziko sura ya saba mstari wa ngapi.