Injini Iliyovutwa na Maksai

Kutoa injini moja machimboni Geita na kuipachika kwenye pikapu yangu kule Kishapu kuligharimu ng'ombe wanne. Nimewahesabu mara mbili: watatu kwa injini, mmoja kwa fundi. Muuzaji alitaka wanne kwa injini peke yake, nikakaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa tangu asubuhi mpaka akachoka kuniona, akapunguza. Gharama nyingine sikuiandika popote. Ni jicho la kushoto la baba yangu.

Watu huniambia mimi ni mtu mzima, niache kinyongo. Wanaoniambia hivyo, baba zao wana macho mawili.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya Kifaransa, ya miaka ya sitini, na injini yake ilikufa wakati ambao hata kipande cha sabuni kilipatikana kwa foleni, sembuse pistoni. Nikasikia kwamba mnunuzi mmoja wa dhahabu kule Geita ana injini ya Kijapani inayokaa bure. Ikaja Kishapu juu ya lori la mihogo, na fundi akaja nayo, ameikalia kama kuku anayeatamia.

Fundi huyo alikuwa bingwa wa pampu za kuvuta maji mashimoni, na hilo nililijua. Ila pampu unaiweka juu ya magogo mawili, unawasha, kwisha habari. Injini ya gari ina wenzake nyuma: giaboksi, halafu shafti ndefu inayokwenda kuzungusha magurudumu. Vyote hivyo vinapaswa kukaa katika mstari mmoja, la sivyo kila mzunguko ni ugomvi. Nilimuuliza kama anajua hayo. Akasema, "Bosi, injini ni injini." Ningemrudisha siku ile ile, ningekuwa na akili.

Lakini nilikuwa na haraka. Baba alikuwa anapoteza macho. Hospitali ya Kolandoto ilikuwa inamtarajia daktari wa macho mgeni, anakuja kwa siku tatu kisha anaondoka, na muuguzi alikuwa ameshaandika jina la baba. Alituambia waziwazi: jicho la kulia linaweza kungoja, la kushoto lina presha, halingoji. Zilikuwa zimebaki siku sita daktari afike.

Fundi akachomelesha mjini Shinyanga vikono viwili vya chuma vya kushikilia injini. Kila kikono kilikaa juu ya kipande kinene cha mpira uliokatwa kwenye tairi la lori, ili kupunguza mtikisiko. Tukaiteremsha injini kwa mnyororo. Kikono cha kulia kikakaa. Cha kushoto, tundu la kikono na tundu la chasisi vikapishana kwa vidole viwili.

"Kirudishe mjini wakikate upya," nikamwambia.

"Bosi, kwenda na kurudi ni siku mbili. Na mchomeleaji ana foleni."

"Na wewe una nini?"

"Mimi nina nguvu."

Baba alikuwa kwenye kigoda chake karibu na zizi, anasikiliza kwa sababu kuona kulikuwa kumeshamshinda. "Mnabishania vidole viwili?" akauliza. "Plau ikikataa kuingia kwenye tuta, huwa tunairudisha mjini? Ng'wanawane, mwanangu, lete maksai."

Hakuna aliyecheka. Kwetu maksai wamevuta mikokoteni, visiki, na malori ya pamba yaliyozama mbugani. Kwa nini washindwe na vidole viwili? Niliwaleta mimi mwenyewe. Ninaliandika hilo hapa kabla mtu mwingine hajanisemea.

Fundi akafunga mnyororo wa plau kwenye pua ya injini, pikapu tukaifunga kwa nyuma kwenye nguzo ya zizi. Baba akawaita maksai kwa sauti, wakainamia nira, wakavuta. Mpira ule ukajikunja kama mdomo wa mtu aliyelamba ndimu. Fundi akachomeka bolti, akaipiga nyundo, akasema, "Imeingia." Majirani wakapiga makofi.

Mimi nikachukua kamba nikapima. Kutoka chasisi ya kulia mpaka pua ya injini, shubiri moja na vidole vinne. Kutoka chasisi ya kushoto, shubiri moja tu. Nikapima tena, ikawa vile vile. Gari linatazama Shinyanga, feni inatazama Mwanza.

"Fundi, injini imekaa upande."

"Gari likitembea, mipira itazoea."

"Itazoea nini? Kupinda?"

"Bosi, hata mke mgeni huzoea."

"Wako alizoea?"

"Wangu alirudi kwao," akasema, na majirani wakamcheka mpaka akainamia spana zake. Nilidhani nimeshinda. Kumbe nilikuwa nimecheka nao, na bolti imebaki pale pale.

Kumalizia mabomba na nyaya kulikula siku zilizobaki. Tuliondoka asubuhi ya siku ya pili ya daktari. Mkono wa gia ulicheza hivi kwamba nilikuwa naukamata kama naukamata mbuzi wa sadaka. Baba akasema, "Gari lako linatetemeka kama limenusa fisi." Hatukuwa tumefika nusu ya njia pale mpira wa kushoto ulipochanika, ule ule uliojikunja. Injini ikaruka, feni ikaingia kwenye rejeta, maji yote yakamwagika barabarani. Tukakaa hapo mpaka kesho yake mchana, lori la pamba lilipotuonea huruma.

Tulifika Kolandoto jioni. Muuguzi akamshika baba mkono.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Daktari yuko wapi?"

"Ameshapelekwa uwanja wa ndege wa Ibadakuli, babu. Ndege imeondoka saa mbili zilizopita."

Baba akauliza kama anaweza kupata maji ya kunywa.

Daktari alirudi baada ya mavuno. Jicho la kulia likapasuliwa, likaona. La kushoto, alisema, hakuna cha kufanya tena. Na kile kikono cha chuma? Fundi mwingine wa mjini alikikata, akakichomelea upya na kutoboa tundu jipya. Ilimchukua nusu siku, na nikasimama pale nikimtazama.

Fundi wa pampu nilimkuta bado yuko Kishapu, anatengeneza mashine ya kusaga. Nikampeleka kwa balozi wa nyumba kumi, nimdai ng'ombe wangu. Huko akaonyesha kwamba ufundi wake wote ulikuwa mdomoni.

"Mheshimiwa balozi, ng'ombe akila mtama wa jirani, nani hulipa?"

"Mwenye ng'ombe."

"Ng'ombe waliopinda injini ni wa nani?"

Watu wote wakamgeukia baba. "Wangu," baba akasema. "Na niliyewaita ni mimi."

"Na mzee akidaiwa, nani humlipia?"

Mtoto wake wa kwanza, yaani mimi. Nilitoka kwa balozi nikiwa mdai na mdaiwa, na fundi akanyweshwa uji.

Jibu nililipata njiani, kama kawaida ya majibu. Baba alileta nguvu, hakusema anajua injini. Maksai hawakusema lolote. Aliyechukua ng'ombe mzima ili ajue ni fundi, na mwenye kujua alipaswa kusema hapana, hata kwa mzee, hata kwangu.

Sasa miaka imepita. Wiki iliyopita fundi yule, ambaye siku hizi ana karakana yake huko Geita, alinitumia mtamba mwekundu kwa mkono wa mchungaji wake wa ng'ombe. Kwetu ukimpokea mnyama, mnakula pamoja na maneno yanazikwa, hutayafukua tena. Baba anasema nimpokee, kwa sababu yeye ndiye aliyewaita maksai. Mke wangu anasema nimpokee, kwa sababu ni mtamba mzuri. Amefungwa zizini, anakula majani yangu, na mchungaji anangoja jibu la kurudi nalo. Wewe unayesoma, kama umewahi kulipwa kitu kisicholingana na ulichopoteza, niambie ulifanya nini. Nimpokee, au nimrudishe?