Mguu wa Shangazi Mitandaoni

Mimi ni fundi wa hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maharusi, na piko lenyewe halinitaki. Nikijitia hata tone moja, mkono huvimba na kutoka malengelenge kana kwamba nimemwagikiwa uji wa moto. Hapa Msambweni jambo hilo linajulikana, na utani wake nimeusikia mara nyingi hata sasa huwa naucheka kabla msemaji hajaumaliza.

Lingekuwa jambo la kuchekesha tu kama si ukurasa wangu wa mtandaoni. Siku hizi fundi asiyeonekana kwenye simu watu huulizana kama bado yu hai. Lakini kazi zangu nzuri zote zimo mikononi na miguuni mwa maharusi, na bi harusi wetu hapigwi picha. Siku ya kumpamba, mlangoni hukaa mama mmoja na beseni la plastiki, na kila anayeingia hutumbukiza simu yake humo, awe mke wa nani. Maua niliyoyachora tangu asubuhi hutoka chumbani yakiwa ndani ya buibui, na baada ya wiki mbili yameshakwenda na maji ya kuogea. Karatasi nayo haikunisaidia. Nilipochora kwenye karatasi na kuiweka mtandaoni, mtu wa kwanza kutoa maoni aliniuliza kama nauza vitambaa vya meza.

Kwa hiyo nilihitaji mguu. Nikauomba wa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye ndiye anayenikandia hina na kunisindikiza kazini, kwa kuwa haamini kwamba naweza kuingia nyumba ya watu nikajua kusalimia. Ana mguu mzuri, mwembamba, usiojua jua kwa sababu hatoki bila soksi. Alikubali kwa masharti. Picha ianzie kifundoni kwenda chini. Jina lake lisitajwe. Na kuhusu kovu, niwe bubu.

"Siku nitakayosikia mtu analizungumzia kovu langu," aliniambia, "utakwenda kuchora ukutani."

Kovu lenyewe liko juu ya mguu wa kulia, limepinda kama ndoana, na habari zake ni mbili. Ya kwanza ni ya mumewe. Yeye anajua kwamba mchumba wake alikatwa na bati akitoka kuteka maji, siku ya mwisho kabla ya kuwekwa ndani, na kwamba hakuitua ndoo mpaka alipofika nyumbani, damu ikimchuruzika. Habari hiyo amewasomea wakaza wana wake wote. Mmoja akichelewa kuamka tu, ndoo inatolewa. Mwanzoni ilikuwa moja, ya kichwani. Mara ya mwisho niliposikia zilikuwa mbili, na kilima kimeongezeka njiani.

Habari ya pili ni ya kweli. Shangazi alikuwa amewekwa ndani kama mwari yeyote anayesubiri harusi, haruhusiwi hata kuchungulia. Nyumba ya tatu pakaletwa video, jambo geni kabisa wakati huo, na alasiri moja watu wote wakaenda kutazama filamu ya Kihindi. Shangazi akasikia nyimbo. Akatoka kwa dirisha la jikoni, akaangukia bati bovu, akaufunga mguu kwa leso na akaendelea na safari yake. Siku ya hina, bibi yangu, ambaye naye alikuwa fundi, alilikuta jeraha bado bichi. Akachora maua kulizunguka, akaacha ndoana tupu katikati, akatia nukta tatu kwenye ncha yake, na akawaambia wanawake wa upande wa bwana harusi kuwa hiyo ni fasheni mpya kutoka Unguja. Wakaamini. Nasikia wawili waliiomba.

Nami huchora vivyo hivyo, kwa kuwa piko halishiki vizuri kwenye kovu, na zile nukta tatu naziweka kwa heshima ya bibi. Simu yangu ina tabia ya kulainisha ngozi bila kuombwa, basi kovu pichani halionekani. Inabaki nafasi tu, na watu wakaipenda hiyo nafasi kuliko maua. Shangazi alinilazimisha nimsomee kila sifa, kisha akijifanya hajali.

Halafu ikaja hofu ya mashine. Kwenye kundi letu la wasanii, mtu alileta habari kwamba akili unde, hiyo AI, inafundishwa kwa picha zetu tunazoweka mitandaoni, wala hakuna anayetubishia hodi. Watu walipandwa na wazimu. Mchoraji mmoja wa Diani, anayewauzia watalii picha za tembo, aliandika jina lake juu ya kila picha kwa herufi nene hata ukawa unaona jina lenye masikio na mkonga. Mwingine akaleta tangazo refu la kisheria, kwamba mimi fulani sitoi ruhusa kwa mashine yoyote, tukalinakili wote na kulibandika kwenye kurasa zetu mithili ya hirizi. Nililibandika na mimi. Nilijua halizuii kitu, lakini usiku ule nililala vizuri.

Siku zilizofuata niliona uchungu wa kweli, sitaficha. Nilikuwa nikitazama picha ya mguu ule na kujiuliza ni nani anayeutazama na kwa macho gani. Nikaacha kuweka picha kwa mwezi mzima. Simu ikanyamaza, maharusi wakaenda kwa wengine, nikarudi.

Ndipo tukaitwa Bongwe, nyumba yenye harusi. Tukaingia baada ya chai ya asubuhi, shangazi akaamkiwa na vijana na yeye akawaamkia wakubwa zake, akakaa mkekani na bakuli lake la hina. Simu zote zilikuwa kwenye beseni isipokuwa moja, ya binamu ya bi harusi aliyekuja kutoka Nairobi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mchoro.

"Hii ndiyo design tunataka," akaniambia, akinionyesha. "Imechorwa na AI. Hakuna mtu mwingine ako nayo."

Nikatazama. Ulikuwa mguu laini kama wa mwanasesere, una vidole sita, na kikuku kilichoingia mfupani kikatokea upande wa pili. Katikati ya maua palikuwa na ndoana tupu. Kwenye ncha ya ndoana, nukta tatu.

"Hapa mbona pako wazi?" nikauliza, sauti yangu mwenyewe siijui.

"Hiyo ndiyo style yenyewe. Ni ya Dubai."

Nyuma yangu mkono wa shangazi ulisimama ndani ya bakuli.

Nikajaribu kulipitisha kwa mzaha. Nikamwuliza bi harusi kidole cha sita tukitafute wapi, tukikosa tuazime kwa jirani. Bi harusi alicheka. Binamu yake hakucheka, kwa kuwa alikuwa ameshafungua ukurasa wangu ili anilinganishe na mashine, na akakutana na ndoana.

"Kumbe!" akasema kwa sauti ya chumba kizima. "Huyu pia amekopi. Anachukua vitu za AI anaweka kwa page yake anasema ni zake."

Wanawake wakageuka. Mama wa bi harusi akaacha kukunja leso na kunitazama, na mtazamo ule naujua, ni wa mtu anayehesabu masaa yaliyobaki kama yanatosha kuita fundi mwingine. Nikasema picha zangu ni za zamani, tazameni tarehe. Binamu akasema tarehe ni kitu ya kubadilisha tu. Kabla ya adhuhuri habari ingefika Ukunda, na kabla ya alasiri ingekuwa imenitangulia nyumbani: fundi wa Msambweni mwizi, ameiibia hata kompyuta.

Na ushahidi wangu ulikuwa umekaa karibu nami, umevaa soksi ya kahawia. Kidole kimoja tu ningenyoosha. Lakini nilikuwa nimeahidi, na nilimfikiria yule mzee mumewe na ndoo zake mbili. Nilikasirika, nikaanza kufungasha vifaa vyangu.

Shangazi akanawa mikono. Alinawa taratibu, kidole kwa kidole, akajipangusa kwa ncha ya leso. Kisha akavuta soksi ya kulia, akaikunja vizuri, akaunyoosha mguu mkekani hadi ulipolala sambamba na simu.

"Haya mwanangu," akamwambia binamu. "Njoo uione Dubai."

Mama wa bi harusi akainama. Akalifuata kovu kwa kidole, akaifuata ile nafasi kwenye simu, akarudi kwenye kovu. Binamu alisogeza uso wake karibu, akatazama mguu, akatazama simu, na aibu ikaanza kumpanda kutoka shingoni.

"Ulipatwa na nini, dada?" mama wa bi harusi akauliza.

Ile ndoo ya mumewe ilikuwa hapo, tayari, imejaa maji. Nilimwona shangazi akiifikia, midomo ikaanza kulitengeneza neno. Halafu akaiacha.

"Nilikuwa mwari," akasema. "Nikatoroka kwa dirisha la jikoni kwenda kutazama video."

Palizuka vigelegele ambavyo hata siku ya harusi sikuvisikia. Mama mmoja alicheka akalala chali. Wakamtaka aeleze tena tangu mwanzo, dirisha lilikuwa na urefu gani, alirudije, nani alimfichia siri, na alipofika kwenye fasheni ya Unguja ilibidi anyamaze awasubiri. Binamu akasema, "Aki pole, shangazi," kwa unyenyekevu wa kweli, kisha akainua simu apige picha. Mama wa bi harusi akamnyang'anya na kuitia kwenye beseni.

"Nichore hiyo hiyo," bi harusi akaniambia. "Lakini ya shangazi."

Nikamchora mguu wenye vidole vitano, na ndoana, na nukta tatu.

Kwenye tuktuk ya kurudi shangazi alikuwa mtu mwingine. Alishika chuma kwa mikono miwili na kutazama nje.

"Kwa nini hukusema habari ya ndoo?" nikamwuliza. "Wangeamini vilevile."

"Nimeibeba ile ndoo tangu niolewe," akasema. "Imenichosha." Kisha akaongeza, "Lakini naogopa, mwanangu."

Nami niliogopa. Habari zilikuwa na simu, sisi tulikuwa na tuktuk. Tulimkuta mumewe mlangoni, anamenya muhogo, na kwa jinsi alivyokuwa akiumenya nilijua kwamba ameshaambiwa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Shangazi akasimama na soksi yake ya kulia mkononi. Alikuwa hajaivaa tena.

Mzee akamaliza muhogo mmoja. Akachukua wa pili.

"Hiyo filamu," akasema, "ilikuwa nzuri?"

"Sikuiona mwisho," shangazi akajibu kwa sauti ndogo. "Damu ilipenya kwenye leso, nikaogopa watu wataona, nikarudi."

"Miaka yote hii hujui iliishaje?"

"Sijui."

Akaweka kisu chini. Akasogea kwenye mkeka, akampisha nafasi, na mimi akaninyooshea mkono kuelekea mkoba wangu.

"Toa hiyo simu," akasema. "Hiyo mashine si imeula mguu wa mke wangu? Basi nayo itutafutie filamu."