Kinga za Upepo Siku Isiyo na Upepo

Katika uwanja wa karavani wa Sandfield, pwani ya Lincolnshire, mtu akikoroga chai, jirani husikia kijiko. Nyumba hizo za magurudumu zimepangwa bega kwa bega na hakuna ua hata mmoja, basi watu wamejijengea ukuta wa adabu. Nyasi zilizo mbele ya karavani yako ni sebule yako, na hakuna anayezikatiza. Hata kama bomba la maji liko nyuma tu ya jirani, unazunguka kwa barabara ya kokoto, mvua inyeshe isinyeshe, huku unaburuta pipa lako.

Avril Hebden ndiye aliyekuwa askari wa sheria hiyo, ingawa hakuna aliyemteua. Alikuwa mpishi wa shule huko Rotherham, na mtu aliyezoea kunyamazisha ukumbi mzima wa watoto kwa jicho hasumbuliwi na watalii. Mgeni akikatiza nyasi za mtu, Avril alitokea mlangoni na kikombe chake cha chai, akatabasamu, akasema, "Umepotea, mpenzi? Njia iko kule." Mtu huyo hakurudia tena.

Mumewe Clive, fundi wa mabasi mstaafu, mtu mpole hadi anakera, alifundishwa na mkewe mambo mengine pia. Kubwa lilikuwa hili la kinga za upepo, yale matambaa ya mistari yanayofungwa kwenye vijiti ili mchanga usiingie kwenye chakula. Siku ya upepo kila mtu huyasimamisha, na ni sawa. "Lakini jirani akikusimamishia kinga na ile bendera ya ofisini imelala," Avril alimwambia, "ujue umemkosea. Na hatakwambia ng'o."

Kisha Avril akaanza kusahau. Kwanza majina, halafu jiko, halafu Rotherham yote. Nyumba waliyoishi maisha yao yote ikawa ya watu asiowajua, na kila jioni alivaa koti, akasimama mlangoni akilia apelekwe kwao. Clive alijaribu dawa, akajaribu picha ukutani, akajaribu kulia naye. Kilichosaidia ni kumleta Sandfield, walikozoea kuja kila kiangazi. Humu kwenye karavani alijua kikombe kilipo na swichi ilipo, akalala usiku kucha. Ndiyo maana Clive hakuomba jambo lingine duniani ila wapewe tena kiwanja chao mwaka ujao. Mwisho wa Agosti ndipo msimamizi huamua nani atabaki.

Tatizo ni kwamba Avril alisahau nyasi.

Asubuhi moja Clive alitoka bafuni akamwona mkewe ameketi ndani ya hema la mlangoni la Gordon na Lynne Pask, majirani wa upande wa bahari, anakula mkate wa Gordon. Akakurupuka na taulo begani. Na hapa ndipo ninapomsikitikia na kutamani kumtikisa kwa wakati mmoja: alizunguka kwa barabara. Mkewe yuko hatua chache tu mbele yake, naye anakimbia juu ya kokoto kwa kandambili hadi kona ya bomba, anarudi kwa upande wa pili, kwa sababu miguu yake ilikataa kabisa kukanyaga nyasi za mtu. Alipofika, Avril alikuwa ameshamaliza mkate na kumkosoa Lynne kwa kupaka siagi kidogo mno.

"Hakuna shida, Clive, kabisa," alisema Gordon, huku anatazama sahani tupu. "Tumefurahi kumwona."

Wiki ile Avril aliingia kwa Wapask tena, akaingia kwa mjane wa upande wa pili akajilaza kitandani mwake, akaanua nguo za familia ya nyuma akazikunja vizuri na kuzibeba. Kila mara Clive alizunguka mbio, akachelewa, akaomba radhi. Kila mara akaambiwa hakuna shida, wakampa na biskuti ya kuondoka nayo. Afadhali wangemtukana. Tusi lina mahali pa kulishika. Tabasamu unalishikia wapi?

Siku ya Jumanne, jua linawaka na bendera imelala kwenye mlingoti, Clive alisikia nyundo. Gordon alikuwa anasimamisha kinga ya upepo upande wao. Baada ya chakula cha mchana mjane naye akatoa yake. Jioni familia ya nyuma ikamaliza kazi. Clive alisimama kwenye ngazi ya karavani akatazama matambaa ya mistari pande tatu.

Alijikaza akazunguka hadi kwa Gordon, akasimama ukingoni mwa nyasi kama inavyopaswa.

"Gordon, kama kuna neno, niambie tu. Sitakasirika."

"Neno gani, bwana?" Gordon alijikuna shingo, akaitazama bahari iliyotulia kabisa. "Ni upepo tu. Upepo wa huku hauaminiki."

"Ni mgonjwa, Gordon."

"Najua. Sote tunajua. Masikini Avril. Unakunywa chai?"

Clive alisema ahsante, hapana.

Asubuhi iliyofuata akaja Trudy, msimamizi wa uwanja, akasubiri barabarani hadi akaribishwe. Alisema hakuna aliyelalamika, na akalirudia hilo mara nyingi mno. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeuguza, kwamba kuhusu mwaka ujao ingesaidia sana kama Clive naye angeweka kitu upande wa barabara. Kitu kidogo tu, ili Avril asitoke ovyo. Clive alitaka kusema kwamba mkewe si mbuzi. Alisema atafanya hivyo leo leo.

Akatoa kinga yao ya zamani chini ya kitanda, akaanza kugonga vijiti. Alikuwa kwenye kijiti cha mwisho Avril alipotoka na kikombe chake. Alizitazama kinga pande zote nne. Akainua macho kwenye bendera, akakaa anaitazama, na uso wake ukarudi, ule wa zamani, mkali na timamu, ambao Clive alikuwa hajauona tangu majira ya baridi.

"Clive, leo hakuna upepo."

"Najua, mpenzi."

"Basi tumemkosea nani?"

Clive alikigonga kijiti mara moja zaidi. Avril alimsubiri, kisha akapoteza subira, kama alivyokuwa akifanya siku zote.

"Haidhuru ni nani. Nenda ukaombe radhi," alisema. "Na upite barabarani."

Clive akalaza nyundo chini. Akaruka kinga yake mwenyewe, akashika barabara ya kokoto, akapita kwa Wapask, akapita kwa mjane, akapita bomba la maji. Kila alipotazama palikuwa na tambaa la mistari, na hakujua abishe wapi.