Rovu la Bibi na Uji wa Mwani

Juzi binti yangu aliniletea unga wa mwani, eti una madini joto, mie mzee ninayetoka nyumbani kwa kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Nilipoukoroga kwenye uji, ile harufu ya chumvi na ufuo ilinirudisha barazani kwetu Temeke, enzi za Mwingereza.

Bibi yangu alikuja kutoka milima ya Upare na rovu, uvimbe uliomjaa shingoni. Leo najua milimani walikosa madini hayo hayo. Zamani niliona tu kwamba rovu lilitikisika Bibi akisimulia, kwa hiyo nilijua kabisa hadithi zake zinakaa humo.

Alasiri moja jirani yetu, Bi Zuhura, alileta bakuli la uji wa mwani.

"Kunywa, mwenzangu. Hilo litanywea."

Nikaangua kilio. "Usinywe, Bibi! Hadithi zitakwisha!"

"Makubwa! Mjukuu wako tabibu huyu," Bi Zuhura akacheka.

Bibi hakucheka. Aliuweka mkono wangu juu ya rovu, akapiga funda, akasimulia kidogo hadithi ya fisi msafiri, akapiga funda jingine, akaendelea, ili nihakikishe mwenyewe kwamba hadithi bado zimo. Bakuli lilipokwisha, fisi wa hadithi ile alikuwa hajavuka hata mto wa kwanza.