Wageni wa Kabla ya Mtihani

Kaka yangu alipoomba binti yangu amsomee karatasi za shauri la shamba lake la kakao, nilipaswa kukataa. Nikasema, "Apitie tu, ni mtoto wetu." Sikumwuliza mwenyewe, naye alikuwa chumba cha pili anasikia.

Alikuwa na shahada ya sheria, kisha akaenda mafunzo ya uwakili Dar es Salaam. Mitihani ya huko ilimwangusha masomo mawili. Alipewa nafasi moja ya kurudia, akishindwa, anaondolewa. Ndiyo maana alikuja nyumbani, Bujonde, kujisomea. Hakuniomba nauli wala nguo. Aliniomba utulivu. Alibandika majina ya kesi ukutani, na asubuhi nilimsikia akiyakariri kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali kwa hofu.

Kaka alipata msaada wake, akautangaza njia nzima. Wiki haikuisha, wakaja watu wa Ngana wenye ugomvi wa mpaka. Akaja mjane kutoka Ipinda aliyenyang'anywa shamba la mpunga na mashemeji. Kwetu mgeni hafukuzwi mlangoni. Lakini nisijifiche nyuma ya mila: mabenchi niliyatoa mimi. Nilipenda kuitwa Baba Wakili.

"Tata," binti yangu aliniambia jioni moja, akiniita baba kwa lugha yetu, "mimi si wakili bado. Nikimshauri mtu vibaya, anapoteza shamba. Na kusoma sisomi."

Kaka, aliyekuwa anamenya ndizi, akacheka. "Anayejua kupika hangoji cheti. Au huko Dar walikufundisha kuogopa watu wa kwenu?"

"Walinifundisha kwamba nimefeli, baba mkubwa."

Kaka akachukua ndizi nyingine. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema neno. Badala yake nilimwambia binti yangu awasikilize waliokwisha kufika, wengine tutawazuia. Hatukuwazuia.

Baadaye aliomba aende Mbeya, akakae kwa rafiki yake mpaka siku ya mitihani. Nikamwuliza watu watasema nini, binti anakimbia nyumba ya baba yake? Akabaki. Masika yalikuwa yamekaza, kakao haikauki, tukaitandaza barazani kwenye mikeka. Wageni nao wakahamia sebuleni, karibu na mlango wake. Walizungumza kwa upole, siwezi kuwasingizia, lakini walizungumza kutwa. Akaanza kuacha chakula. Ukimwita jina, anashtuka. Siku moja nilimkuta amekaa mbele ya kitabu kilichofungwa, ameziba masikio kwa viganja, na nyuma yangu mzee mmoja ananiuliza kama wakili ameshapata nafasi. Nikamjibu avumilie kidogo, anakuja.

Matokeo alinipa kwa simu. Somo moja amepita, jingine ameshindwa. "Nimeondolewa, Tata." Nikaanza kumwambia kwamba Mungu ana mpango wake. Akakata simu.

Sasa anauza vifaa vya umeme katika duka la mtu, Mbeya. Kukiwa na msiba huja asubuhi, akaketi na wanawake, akanisalimu kwa kuinama kama anavyomsalimu mzee yeyote, akaondoka na gari la jioni. Nilipomwomba radhi aliitikia, "Ndaga, Tata," yaani asante, baba, akaendelea kufunga kanga yake.

Nilikubali ombi ambalo halikuwa langu kulikubali. Kwa sababu hiyo binti yangu aliukosa uwakili, na tangu alipoondoka kwenda kwenye mtihani ule hajalala tena nyumbani kwangu.